Spika Kumi na Mbili za Boti ya Mzee Chilongani

Marahaba, wanangu. Shikamoo zenu zinaingia kwenye simu yangu tangu asubuhi, na karibu kila moja ina mkia. "Shikamoo Mama Neema, spika inakoroma." "Shikamoo mama, amplifaya inanuka kama maharage yaliyoungua." Mimi nimestaafu, nipo barazani kwangu mtaa wa Kikuyu nachambua mchicha, lakini simu yangu haijapata barua ya kustaafu. Nikaona badala ya kumjibu mmoja mmoja, niwaandikie habari za kazi moja niliyoifanya karibu na mwisho wa ufundi wangu. Ina makosa yangu karibu yote, kwa hiyo ina majibu yenu karibu yote.

Kazi yenyewe ilikuwa kubadilisha mfumo wa muziki kwenye boti ya starehe. Ndiyo, boti. Ndiyo, hapa hapa Dodoma, ambako mtu akiona wingu anamwita jirani aje alione.

Mwenye boti ni Mzee Chilongani. Alifanya kazi reli maisha yake yote, na alipostaafu hakununua mashine ya kusaga wala bajaji kama wenzake. Aliwaita mafundi wa kuchomelea nyumbani kwake kata ya Zuzu, akawaambia wamuundie boti. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kupanda boti. Walitengeneza maboya mawili marefu ya bati nene, wakaweka sakafu juu yake, nguzo na paa la bati, na kwa kuwa kazi waliyoizoea ni mageti, wakaweka na geti. Lilikuwa na kitasa, na tundu la kufuli. Boti ikakaa uani kiangazi kizima, kuku wakitaga chini yake, na wapita njia wakimsalimu: "Mzee Nuhu, mvua lini?"

"Chekeni tu," anawajibu. "Wanyama nimeshawaandikisha, wewe sijakuona kwenye orodha."

Jina aliloipaka ubavuni ni Upendo. Mji mzima unaiita Safina.

Siku moja ikapakiwa kwenye lori, ikapelekwa bwawani Hombolo, na kwa mshangao wa wote, waundaji wakiwa wa kwanza, ikaelea. Watu wakaanza kuikodi kwa vipaimara, siku za kuzaliwa na sherehe za kuwaaga mabibi harusi. Balaa likaja upande wa sauti.

Juu ya paa Mzee Chilongani alikuwa amefunga honi mbili za bati, zile za kutangazia mikutano ya hadhara. Honi ikielekezwa nje, sauti inakwenda nje. Na juu ya maji hakuna mti wala ukuta wa kuizuia, inateleza tu mpaka ng'ambo. Waliolipa wakakaa chini ya honi hawakusikia maneno, na kijiji kizima ambacho hakikualikwa kikasikia hata MC akimeza mate. Safari ya kwanza ng'ombe waliokuwa wakinywa ufukweni walitimua mbio, wakakata shamba la zabibu katikati. Na ng'ombe wale walikuwa wa mwenyekiti wa kijiji.

Mwenyekiti ni mzee wa Kigogo, mrefu, mpole, asiyepandisha sauti. Alimwita Mzee Chilongani akamwambia hivi: "Ng'ombe akinywa maji, kichwa kinakuwa chini. Jumamosi una sherehe nyingine, nimesikia. Pita. Nitakaa pale ninyweshe. Ng'ombe wangu wakiinua vichwa, boti inatoka bwawani. Irudi Zuzu kwa kuku wako."

Basi mzee wa watu akaja kwangu siku ya Jumatatu, kofia mkononi. Boti ile ndiyo ilikuwa uzee wake wote. Ikirudi uani, alisema, itabidi ahame Zuzu kwa aibu.

"Mama Neema," akasema, "nataka muziki mkubwa usiosikika."

Msicheke. Mteja hakosei kusema anachotaka. Kazi ya fundi ni kukitafsiri. Nikamweleza taratibu, kama ninavyowaeleza ninyi. Honi ni mtu mmoja anayepiga kelele ili watu sitini wasikie. Sasa badala ya mtu mmoja anayepiga kelele, tuweke watu kumi na wawili wanaonong'ona, kila mmoja karibu na sikio. Spika ndogo kumi na mbili, za plastiki zisizoharibiwa na maji, chini ya paa, zikiangalia chini na ndani. Msikilizaji akiwa hatua mbili kutoka kwenye spika, huhitaji nguvu. Sauti inamfikia ikiwa nzima, na ikifika kwenye maji imeshachoka.

Alizitazama nilipozifungua kwenye boksi. "Mama, nimeomba muziki, umeniletea sahani."

"Baba, subiri chakula."

Hapa niwapeni mambo mawili ya mkononi. La kwanza, kabla hujafunga spika nyingi, zipime zote kwa betri ndogo ya saa ya ukutani. Gusisha nyaya za spika kwenye betri mara moja tu. Karatasi ya spika ikiruka nje, waya uliogusa chanya ndio chanya. Ikirudi ndani, umegeuza. Ukifunga moja sawa na jirani yake kinyume, moja inasukuma hewa wakati nyingine inavuta, na besi inakufa katikati yake. Niliwahi kufunga spika nane kwenye ukumbi mmoja upande wa Chimwaga, nne nikazigeuza bila kujua. Mgeni rasmi alipohutubia, waliokaa pembeni walimsikia. Waliokaa katikati waliona midomo tu. Nao ndio waliopiga makofi zaidi.

La pili, gawa spika zako mafungu, kila fungu na kitufe chake cha sauti. Nilifanya matatu: mbele, kati na nyuma. Nilitaka niweze kupunguza upande wowote utakaokuwa karibu na ng'ombe.

Sasa kosa langu. Nalisema mapema ili mnisamehe mapema.

Ufundi nilifundishwa na Mzee Shomari, ambaye babu zake waliingia Dodoma na misafara ya biashara na wakabaki. Alikuwa na kibanda cha redio karibu na soko, na hakukuwa na mtu wa kumzidi. Somo lake la kwanza halikuwa waya, lilikuwa dumu. Udongo wetu wa kiangazi, mnajua, ni mkavu kama ugali wa juzi, haupokei umeme. Ukichomeka ethi, ile fimbo ya shaba ya kupeleka umeme uliopotea ardhini, ni kama umeichomeka kwenye mto wa kulalia. Kwa hiyo fundi wa Dodoma anatembea na dumu la maji ya chumvi. Anachomeka fimbo, anamwaga, anakunywa chai maji yazame, ndipo anawasha. "Mwanamke," alikuwa akiniambia, "fundi asiyenywesha ethi yake, spika zitamkoromea mbele za watu." Nikanywesha ethi zaidi ya miaka thelathini, makanisani, misikitini, kwenye kumbi na viwanja vya mikutano. Mkono ulikuwa unanywesha wenyewe.

Siku ya Jumatano nikaingia kwenye boti na ndoo ya udongo.

Nilichota palepale ufukweni, udongo mzuri mwekundu, nikaujaza ndoo ya lita ishirini, nikaupandisha kupitia geti, nikauweka sakafuni. Nikachomeka fimbo ya shaba. Nikamwaga maji ya chumvi. Nikakaa kunywa chai. Pande zote nne tumezungukwa na bwawa, nami nasubiri ndoo ilowane.

Nahodha wa boti anaitwa Masima. Kabla ya hapo alikuwa dereva wa trekta, na mpaka leo akitaka kurudi nyuma anasema "naingiza rivasi" na kugeuza shingo kuangalia kama kuna mfereji. Aliitazama ndoo, akanitazama mimi, akaitazama tena ndoo.

"Mama, tunapanda nini?"

"Ni ethi, mwanangu."

"Ahaa. Itaota?"

Nikawasha. Spika zote kumi na mbili zikakoroma kwa pamoja, kama wanaume waliolala matanga. Nikaongeza maji. Zikakoroma. Nikasema labda udongo ni kidogo, nikafunga waya mwingine kutoka kwenye mixa, ile ya kuchanganyia sauti, hadi kwenye bati la boya lenyewe, ili bwawa zima liwe ethi yangu. Ndipo zikakoroma mpaka kitasa cha geti kikatetemeka.

Masima alinivumilia kwa heshima mpaka akashindwa. "Mama, samahani, mimi si fundi. Lakini kwenye trekta kila waya hasi unarudi kwenye betri. Taa, honi, redio, vyote vinarudi pale. Trekta halibebi shamba lake."

Wanangu, nilimaliza kikombe kizima nikiitazama ile ndoo. Ndivyo ilivyo. Mkoromo wa namna ile unatokea umeme unapopewa njia mbili au tatu za kurudi nyumbani. Unazunguka kati yake kama mlevi mwenye milango mitatu, na spika ndiyo inayosimulia. Dawa ni mlango mmoja. Nikang'oa waya wa ndoo, nikang'oa waya wa boya, nikakusanya nyaya hasi zote za amplifaya na mixa, nikazifunga kwenye kipande kimoja cha shaba kando ya betri. Nikawasha. Kimya. Kimya kile ambacho fundi anakijua, kimya kinachosubiri wimbo.

Mzee Shomari hakukosea. Alinifundisha jibu la nchi kavu, na mimi nikalipeleka majini bila kuuliza swali upya. Kwa hiyo mkifika kazini, msianze na dumu. Anzeni kwa kujiuliza mmesimama wapi.

Kwa furaha tukapiga muziki saa tatu mfululizo katikati ya bwawa, tukijaribu kila fungu. Tulipotaka kurudi, injini haikuwaka. Muziki ulikuwa umekunywa betri yote. Tulirudi ufukweni kwa kupiga kasia na kifuniko cha sanduku la spika, Masima akilalamika kwamba katika maisha yake yote hajawahi kusukuma trekta kwa kifuniko. Andikeni: betri ya muziki iwe ya muziki, betri ya injini iwe ya injini, zisijuane.

Jumamosi ikafika. Sherehe ilikuwa ya kumuaga bibi harusi, wageni sitini, na meza kuu imepangwa mbele kabisa, puani mwa boti, maua na vitambaa. Mimi nilikaa katikati na kisanduku changu cha vitufe vitatu. MC alivaa koti linalong'aa kama sufuria mpya. Ufukweni, mwenyekiti alikuwa ameketi juu ya jiwe, fimbo magotini, na ng'ombe wake wamepangana majini, vichwa chini.

Tukapita mara ya kwanza. Nilikuwa nimepunguza fungu la upande wa mbele, muziki unawatosha wageni kabisa, mabega yanacheza. Mzee Chilongani alikuwa ameshikilia nguzo kwa mikono miwili, macho kwa ng'ombe.

"Vipo chini," akaninong'oneza.

"Vipo chini, baba."

"Hata yule mwekundu?"

"Hata mwekundu."

Tukapita mara ya pili. Vichwa chini. Mzee akaiachia nguzo mkono mmoja.

Kisha mpiga picha, ambaye alibaki nchi kavu kwa sababu ya kuogopa maji, akapunga mkono: sogeeni, sogeeni, nipate bibi harusi pamoja na ng'ombe. Masima akasogea. Maji ya kiangazi yalikuwa yamepungua, na chini kulikuwa na tope, lakini bado tulikuwa tunaelea vizuri, na tungeendelea kuelea, kama MC asingechagua dakika hiyohiyo kutangaza: "Sasa ni wakati wa zawadi!"

Mnajua zawadi zetu. Hakuna anayeinuka peke yake akakabidhi akakaa. Ni msururu, ni kucheza, ukoo kwa ukoo, masufuria kichwani, godoro limebebwa na wajomba wanne, vitenge vimetandazwa hewani, na mbuzi mmoja mwenye utepe shingoni. Watu sitini wakainuka na kucheza kuelekea mbele. Pua ya boti ikainama taratibu, kama mtu anayesinzia kanisani, ikakaa kwenye tope.

Masima akaingiza rivasi. Injini ikalia kwa sauti nyembamba. Nikageuka nyuma: mkia wa boti umeinuka, na panga la injini linazunguka hewani kama feni.

"Rudini nyuma!" Masima akapaza sauti. "Jamani, uzito! Rudini nyuma!"

"Nani arudi?" alijibu shangazi wa bibi harusi, sufuria tatu kichwani, bila kuacha kucheza. "Mwanangu, zawadi haigeuziwi njiani. Ukimpa bibi harusi mgongo na zawadi mkononi, umeiondoa na baraka zake."

"Shangazi, tumekwama!"

"Basi tumekwama na baraka."

Na ukoo wote ukaitikia kwa vigelegele. Mzee Chilongani aliniangalia. Tulikuwa hatua thelathini tu kutoka kwa ng'ombe. Kelele mbili zaidi za Masima, na injini ikilia vile, zingetosha kuirudisha boti Zuzu.

"Zima injini," nikamwambia Masima. "Na wewe nyamaza, mwanangu."

Niliwaza jambo ambalo nimeliona kwenye kila ukumbi niliofanya kazi. Spika moja ikifa, watu wanaocheza mbele yake hawalalamiki. Wanahama. Hawajui kwamba wanahama. Miguu inafuata ngoma, kichwa kinafuata miguu. Nikashika kitufe cha mbele, nikakishusha kidogo kidogo mpaka kikafa. Nikashusha cha kati nusu. Nikapandisha cha nyuma.

Ukoo wa kwanza ukayumba. Mjomba mmoja wa godoro akapiga hatua nyuma, watatu wakalazimika kumfuata kwa kuwa godoro ni moja. Shangazi akasita, sikio likamvuta. Lakini hakugeuka, haikubaliki kugeuka. Alianza kucheza kinyumenyume, uso kwa bibi harusi, sufuria kichwani, hatua kwa hatua kuelekea mkiani, na msururu mzima ukajifunza papo hapo kutoka kwake. Watu sitini, suti na magauni, wakarudi kinyumenyume wakitabasamu, mbuzi akivutwa kwa nyuma na uso wake ukisema kwamba hakuelezwa haya. Bibi harusi mezani aliwapungia mkono kama mtu anayesafiri.

Pua ikainuka. Mkia ukazama, Masima akawasha injini, panga likashika maji, na Safina ikajichomoa kwenye tope kwa ulaini kama kisu kwenye boga lililoiva. Nikataka kushangilia.

Ndipo nikawaona ng'ombe. Wote, tangu wa kwanza hadi wa mwisho, na yule mwekundu akiwemo, walikuwa wameinua vichwa. Maji yanadondoka midomoni mwao, macho yametutumbulia. Mzee Chilongani akaketi juu ya kreti ya soda na kuvua kofia.

Tulipofika ufukweni, mwenyekiti alikuwa anatungojea getini.

"Mbukwa," akasalimu kwa Kigogo.

"Mbukwa," mzee akaitikia, kofia mkononi.

"Vichwa viliinuka."

"Viliinuka." Angeweza kubisha. Hakubisha.

"Hata changu kiliinuka," akasema Mwenyekiti. " Nimechunga tangu mdogo. Nimekutana na fisi, nimekutana na chui. Sijawahi kuona watu waliovaa suti wakirudi kinyumenyume na godoro, bila kusukumwa na mtu, bila ngoma yoyote. Mlikuwa mnafanya nini?"

"Tulikuwa tunacheza muziki, Mwenyekiti," nikasema.

"Muziki upi?"

"Uliokuwa unapigwa."

"Mama, nilikuwa pale kwenye jiwe. Nahodha wenu na vigelegele nilivisikia, na ng'ombe waliendelea kunywa. Wa muziki, sikusikia hata kikohozi."

Nimepewa vyeti, wanangu, na kanga za asante, na siku moja jogoo. Hakuna sifa iliyoniingia kama hiyo. Mzee Chilongani akainua macho.

Mwenyekiti alichora mavumbini kwa fimbo yake, akafuta, akachora tena. Kisha akatoa hukumu, na kwa haki yake namheshimu mpaka leo. "Tulikubaliana kuhusu vichwa, lakini ugomvi wetu ulikuwa wa masikio. Masikio ya ng'ombe hayakuguswa. Yaliyoshtuka ni macho. Boti ibaki. Ila upande wa malisho, mjifunike. Mnyama asilazimishwe kuona vile."

Mzee Chilongani alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasahau kuuachia.

Ndiyo maana mkienda bwawani leo mtaiona Safina ikielea na mapazia mazito ya maua mekundu upande mmoja, kama sebule iliyopotea njia. Mke wa Mzee Chilongani ndiye aliyeyashona. Wiki iliyofuata nilikwenda kukagua nyaya zangu, nikawasha maiki nikasema moja, mbili, tatu, nikarudia tena kwa mshangao. Sauti ilikuwa safi kuliko nilivyoiacha, kila neno limesimama peke yake. Kumbe lile paa la bati na lile geti vilikuwa vinarusharusha sauti, kila neno likifika mara mbili, nami kwa furaha ya kuua mkoromo sikuwa nimelisikia hilo. Kitambaa kizito kinameza mwangwi. Hakitumii betri, hakina chanya wala hasi.

Wageni wanaopanda boti ile hunisifu, na sifa nazipokea, maana kukataa ni utovu wa adabu. Lakini ninyi ni wanangu, siwezi kuwaficha. Kabla hujamwambia mteja anunue amplifaya kubwa zaidi, tundika pazia kwanza usikilize. Hilo Mzee Shomari hakunifundisha, wala vitabu. Nilifundishwa na ng'ombe wa mwenyekiti, nikiwa tayari nimeshaanza kuwagawia watu koleo zangu.